Shilingi ya Kaka Mhunzi: Maisha ya Michael Faraday



Kila mwaka katika kijitabu hiki tunamkumbuka mtu mmoja aliyetangulia mbele ya haki, ambaye maisha yake yana somo kwetu. Mwaka huu tunachangia maabara ya sekondari yetu, kwa hiyo tumemchagua Michael Faraday. Umeme unaosaga mahindi yetu una mkono wake.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington, pembezoni mwa London ya wakati ule. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye afya mbovu. Mwaka 1801, nafaka zilipopanda bei, Michael alipewa mkate mmoja wa kula wiki nzima. Shuleni aliambulia kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu. Alipofika miaka 13 akawa kijana wa kutumwa katika duka la vitabu la George Riebau, na mwaka uliofuata akaanza uanagenzi wa miaka saba wa kujalidi vitabu.

Vitabu alivyovijalidi alivisoma pia. Makala ya umeme katika ensaiklopidia na kitabu cha kemia cha Bibi Jane Marcet vilimvutia sana, akawa ananunua vifaa kwa visenti vyake na kujaribu mwenyewe. Mjini palikuwa na mihadhara ya sayansi nyakati za jioni, kiingilio shilingi moja. Kaka yake Robert, mhunzi kama baba yao, ndiye aliyemtolea shilingi hiyo. Mwaka 1812 mteja wa duka, William Dance, akampa tiketi za mihadhara minne ya mwanakemia Humphry Davy katika taasisi ya Royal Institution. Faraday aliandika aliyoyasikia, akachora vifaa alivyoviona, akajalidi kazi yote na kumpelekea Davy. Machi 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara.

Tarehe 29 Agosti 1831 alizungushia nyaya mbili kwenye pande mbili za pete ya chuma. Kila alipounganisha waya mmoja na betri, au kuutenganisha, sindano ya kipimo upande wa pili ilicheza, ingawa nyaya zenyewe hazikugusana. Pete ile ndiyo babu wa transfoma tunayoiona juu ya nguzo. Mwaka huohuo alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya waya uliozungushwa, umeme huzaliwa. Mitambo ya Kidatu na Mtera inafuata kanuni hiyo hadi leo.

Naye hakuwasahau vijana. Mihadhara ya Krismasi ya taasisi ile, iliyoanza mwaka 1825 kwa ajili ya vijana, aliitoa yeye kwa misimu 19, akifanya majaribio mbele ya macho yao. Mwaka 1862, mbele ya tume iliyochunguza shule kubwa za Uingereza, alitetea sayansi ipewe nafasi darasani.

Upungufu wake tusiufiche. Hisabati ya juu hakuijua, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha. Aliona kwa macho ya akili mistari ya nguvu kuzunguka sumaku, lakini hakuweza kuiandika kwa milinganyo. Kazi hiyo ilifanywa na James Clerk Maxwell, Mskoti aliyesoma hisabati chuoni, na milinganyo yake ndiyo iliyofungua njia ya redio na simu za mkononi. Faraday alifariki tarehe 25 Agosti 1867.

Somo tunalolichukua ni hili: mikono yenye ujuzi bila hisabati hukwama njiani, na hisabati ya ubaoni bila vifaa vya kushika haimtoi fundi. Ndiyo maana ombi letu mwaka huu ni la mambo mawili pamoja: vifaa vya maabara, na vitabu na masomo ya ziada ya hisabati. Mtoto wetu anayetaka kuwa fundi umeme, tekinisheni wa hospitali au mhandisi anavihitaji vyote viwili kabla ya kufika kidato cha nne, kwa maana akishachelewa hapo, milango mingi hufungwa.

Robert hakuwa tajiri. Alitoa shilingi wakati mdogo wake alipoihitaji. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Tafadhali ijaze, umkabidhi mweka hazina na upewe stakabadhi yako. Haba na haba hujaza kibaba.