Michael Grzimek: Jamaa wa ndege ya mistari aliyeuawa na tumbusi Serengeti

Umecheki zile video za kifaru akidungwa dawa ya usingizi kutoka kwa chopa? Rubani anashuka karibu aguse miti, daktari wa wanyama amekaa mlangoni na bunduki. Wewe unasema hiyo ni job tamu. Ngoja kwanza usikie story ya Michael Grzimek.

Alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka wa 1934. Mbuyu wake, Bernhard, alikuwa daktari wa wanyama na mkubwa wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Miaka hiyo serikali ya Waingereza pale Tanganyika ilitaka kubadilisha mipaka ya Serengeti, na hakuna msee alijua wanyama ni wangapi au wanahamia wapi.

Baba na mtoi wakajifunza kuendesha ndege. Wakachukua Dornier Do 27, wakaipaka mistari ya punda milia, wakaipeleka wenyewe kutoka Ujerumani hadi Serengeti. Mwaka wa 1958 walipaa chinichini wakihesabu nyumbu, punda milia na swara. Walipata zaidi ya wanyama 360,000. Enzi hizo hakuna mtu alikuwa amewahi kuhesabu Serengeti yote hivyo.

Halafu tarehe 10 Januari 1959 ikafika. Michael alikuwa angani peke yake, tumbusi akagonga bawa la ndege. Ikaanguka. Alikuwa na miaka 24 tu.

Sasa cheki hapa. Angani, urefu ni muda. Ukiwa juu na kitu kiharibike, una nafasi ya kutafuta pa kutua. Ukiwa chini, huna hata sekunde za kufikiria. Wanaoshika wanyama na chopa wako kwa hiyo noma kila siku: macho yako kwa mnyama, na ndege, matawi na nyaya hazingoji. Ndio maana mwenye neno la mwisho ni rubani. Akisema tuachane na huyu kifaru, mnaachana naye. Kifaru atapatikana kesho.

Bernhard alimaliza filamu yao ya Serengeti, na mwaka wa 1960 ikashinda Oscar. Michael alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mzee wake alipofariki mwaka wa 1987, majivu yake yakaletwa hapo hapo, kando ya mtoto wake. Ukienda Ngorongoro, simama kidogo hapo uwasalimie.