Albert Einstein: tumbo lilipasuliwa kwanza, ndipo ugonjwa ukaonekana

Albert Einstein alizaliwa tarehe 14 Machi 1879 kule Ulm, Ujerumani. Hesabu zake juu ya wakati na mwangaza zilimupatia jina dunia nzima, na zawadi ya Nobel ya mwaka 1921. Hitler alipotwaa utawala mwaka 1933, Einstein, sababu alikuwa Muyahudi, hakurudi tena kwao. Alihamia Princeton, Marekani, akafanya kazi huko mupaka kufa.

Miaka mingi alisumbuliwa na tumbo. Maumivu yalikuja, yakaisha, yakarudi. Wakati ule ekografi ya tumbo haikuwako, skaneri vilevile. Ilikuwako njia ya kuchoma sindano mugongoni na kutia dawa ndani ya mushipa ili uonekane kwenye radio, lakini ilikuwa na hatari zake.

Mwezi wa Desemba 1948, kule Brooklyn, munganga Rudolf Nissen, naye Muyahudi aliyekimbia Ujerumani, akamupasua tumbo ili aone kuna nini. Akakuta aorta, ule mushipa mukubwa unaotoa damu ku moyo na kuishusha tumboni, umevimba sawa pamplemusi. Ndiyo anevrisma. Kuubadilisha haikuwezekana bado. Nissen akauzungushia selofani, ile karatasi nyembamba ya kufungia vitu, ili kovu likuwe pale na kukaza ukuta wa mushipa.

Einstein akaishi miaka sita na zaidi. Aprili 1955 mushipa ukapasuka. Wanganga walitaka kumupasua tena. Yeye akakataa, akaona saa yake imefika. Akafa tarehe 18 Aprili, na miaka 76.

Miaka mitatu kisha, kule Glasgow, munganga Ian Donald na wenzake wakatangaza picha za tumbo zilizopigwa kwa sauti isiyosikika na sikio. Leo ekografi inapima aorta kwa dakika chache, bila kisu, bila maumivu. Kwa kawaida upana wake ni kama sentimeta 2. Ukifika 3, ni anevrisma. Kwa mwanaume, ukifika 5,5, wanganga wanafikiria kupasua. Mbele ya kupasua, skaneri inaonyesha uvimbe unaanzia wapi, unaishia wapi, na uko mbali gani na mishipa ya figo.

Einstein alikuwa anavuta kiko, na tumbako ni adui mukubwa wa mushipa huu. Basi mzee mwenye kupita miaka 65, aliyevuta tumbako, ama mwenye baba au ndugu aliyeugua hivi, aulize munganga wake juu ya ekografi. Mara nyingi anevrisma hainyamazi tena siku inapopasuka tu.