Mbaruk wa Gazi na vita vya porini

Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui alirithi ugomvi kabla ya mali. Babake, Rashid bin Salim, alikuwa liwali wa mwisho wa Kimazrui Mombasa. Seyyid Said alimkamata mwaka 1837 akamhamishia Bandar Abbas, na hakurudi.

Mwana alipigana na masultani wa Unguja miaka mingi, leo suluhu, kesho uasi. Mwaka 1895 Takaungu iligombania urithi, Waingereza wakamsimika wamtakaye. Mbaruk alisitasita, kisha akasimama na jamaa zake. Tarehe 17 Agosti, Admirali Rawson akaiteka ngome yake ya Mwele, huku milimani kwetu Kwale.

Waingereza walidhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza: askari wanaviziwa vichochoroni mwa msitu, vijiji vinachomwa, na mkulima hajui usiku huu anakuja nani. Mimi simfanyi walii. Alikuwa na watumwa, na Mdigo aliyeunguliwa ghala hakushauriwa na upande wowote.

Wanajeshi wa Kihindi walipoletwa, ulinzi ulimshinda. Aprili 1896 akavuka mpaka kwa Wajerumani na wafuasi zaidi ya elfu. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910.