Kutoka kibali cha RTC hadi kadi ya mafuta: Sokoine alipambana na saini

Anayetoka Dodoma kwa barabara kuja Morogoro, kabla hajafika Msamvu ambapo njia ya Iringa na ile ya Dar es Salaam zinakutana, hupita eneo la Wami-Dakawa. Hapo pana mnara wa kumbukumbu ambao abiria wengi wa siku hizi huupita wakiwa wamelala. Ndipo alipofia Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu wa Tanzania, siku ya Alhamisi, Aprili 12, 1984, akitoka kwenye kikao cha Bunge Dodoma akirejea Dar es Salaam. Msamvu hakufika akiwa hai.

Kila Aprili hukumbukwa. Chuo Kikuu cha Kilimo hapa Morogoro kinachobeba jina lake humfanyia kumbukizi, na mwaka 2024 ilipotimia miaka 40, viongozi wa kitaifa walikwenda Monduli kumkumbuka. Katika kumbukumbu hizo, na vijiweni pia, maneno ni yale yale: nchi hii inahitaji Sokoine mwingine. Wapo wanaolisema hilo kwa uchungu wa kweli, wakiwa wametoka kusoma taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mimi nawaomba wayatazame maisha ya mtu huyu vizuri, kwa sababu nadhani yanatufundisha jambo tofauti kidogo na hilo.

Na wapo watakaouliza, kwa nini safu hii imzungumzie mtu ambaye hakuwa Muislamu? Jibu ni fupi. Suala hapa ni amana ya umma, na kodi inayojaza tangi la gari la serikali hukatwa kwa Muislamu na asiyekuwa Muislamu sawasawa.

Sokoine alizaliwa Agosti 1, 1938, huko Monduli, katika jamii ya Wamasai. Alisoma Monduli, kisha sekondari ya Umbwe, Kilimanjaro. Mwaka 1961, mwaka wa uhuru, alijiunga na TANU. Mwaka 1962 alikwenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala, na aliporudi akawa mtendaji wa wilaya ya Wamasai. Mambo haya si ya kupita haraka kama tulivyozoea katika wasifu wa viongozi. Mtendaji wa wilaya ndiye anayeijua serikali kwa chini: anajua ghala lina nini, gari limetoka saa ngapi, karani gani anaandika na karani gani anajifanya anaandika. Sokoine aliingia siasa akiwa tayari ameyaona hayo.

Mwaka 1965 alichaguliwa kuwa mbunge. Mwaka 1967 akateuliwa Naibu Waziri wa Mawasiliano, Uchukuzi na Kazi, na mwaka huo huo ndio Azimio la Arusha lilitangazwa pamoja na miiko yake ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Wako waliotia saini miiko ile huku nyumba zao wakiwa wamewaandikisha wake na watoto. Sokoine ana maadui hadi leo, hasa katika familia zilizoumia mwaka 1983, lakini sijapata kusikia hata kutoka kwao kwamba mtu huyu alijitajirisha kwa cheo chake. Hiyo ni sifa ambayo adui hakukupa bure.

Mwaka 1972 akawa Waziri wa Ulinzi, na Februari 1977, mwezi ule ule TANU na ASP zilipoungana kuwa CCM, Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Waziri Mkuu. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilimkuta katika nafasi hiyo. Magari ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kwenda mbele, chakula na mafuta vilitafutwa kwa haraka, na kwa hakika katika hali kama ile kila mtu hununua kwanza, karatasi hufuata baadaye. Vita vilikwisha lakini mazoea ya kununua kwanza hayakwisha. Mwaka 1980 aliacha uwaziri mkuu kwa sababu za afya, akaenda Yugoslavia kusoma. Februari 24, 1983, akarudishwa kwenye kiti kile kile.

Hapa ndipo inabidi tukae kidogo, maana vijana waliozaliwa baada ya soko huria hawawezi kuelewa bila kuelezwa.

Nchi aliyoirudia ilikuwa imekauka. Sabuni, sukari, khanga, mafuta ya kula, hata chumvi, vilikuwa vitu vya kutafutwa. Bei zilipangwa na Tume ya Bei. Bidhaa za viwandani zilipita katika mashirika ya umma, zikafika kwa Kampuni ya Biashara ya Mkoa, RTC, na kutoka hapo zikagawiwa maduka, ushirika na taasisi kwa kibali. Kibali ni nini? Ni kipande cha karatasi chenye mhuri na saini ya mtumishi wa umma. Mwenye karatasi ile alifunguliwa ghala kwa bei ya serikali. Asiyekuwa nayo alipanga foleni, au alinunua kwa mlanguzi kwa bei ya mara kadhaa.

Tazama basi mantiki yake. Tofauti kati ya bei ya ghalani na bei ya uchochoroni ndiyo iliyokuwa thamani ya saini. Mtumishi mwenye mshahara mdogo alishika kalamu yenye thamani kuliko mshahara wake wa mwaka mzima. Sisi wa Morogoro tulikuwa na mfano karibu. Mkoa huu ulikuwa na viwanda viwili vya sukari, Kilombero na Mtibwa. Lori la Mtibwa hutokea Turiani, likashika barabara ya Dodoma, na lile la Kilombero huja kwa barabara ya Mikumi. Yote mawili lazima yapite Msamvu yakielekea Dar es Salaam. Sukari ilipita mbele ya macho ya watu ambao hawakuwa na sukari ya kutia kwenye uji.

Sasa nani alikuwa mhujumu? Watu walimtazama mwenye duka aliyeficha magunia uani. Naye alikuwa na makosa yake, sisemi hakuwa. Lakini gunia halikutembea lenyewe kutoka ghala la umma. Kulikuwa na aliyeagiza, aliyeidhinisha, aliyetoa mzigo na aliyeandika kwamba umepokewa. Kwa utaratibu watu hawa wanatakiwa wawe wanne tofauti, ili mmoja akiharibu mwingine aone. Mahali pengi walikuwa mmoja, au walikuwa wanne wanaokula sahani moja.

Mwishoni mwa Machi 1983 msako ukaanza. Watu walikamatwa mikoa yote, wafanyabiashara na watumishi wa mashirika ya umma pia. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka jinsi bidhaa zilivyotupwa porini na mitaroni usiku, kila mmoja akihofia kukutwa na katoni ya sabuni. Kwa wiki kadhaa maduka yalijaa vitu ambavyo watu walikuwa wamesahau sura zake. Mnyonge akafurahi. Jina la Sokoine likawa dua na likawa laana, kutegemea unaulizia nyumba gani.

Lakini tuwe wakweli, insafu inatutaka hivyo. Sheria ya kuwashughulikia wahujumu uchumi ilipitishwa na Bunge baada ya watu kuwa wameshakamatwa, ikarudishwa nyuma ili iwafunike. Kesi hazikupelekwa mahakamani, ziliundiwa baraza maalumu. Mtuhumiwa hakuwa na dhamana, hakuruhusiwa wakili, na hakuwa na mahali pa kukata rufaa. Watu wa sheria walilalamika na walikuwa na haki ya kulalamika. Katika utaratibu wa namna ile, mwenye magunia 400 na mwenye mche wa sabuni waliweza kulala chumba kimoja, na mwenye kujuana na mtu akalala kwake. Mwaka 1984 sheria ile ilifutwa, ikaja Sheria ya Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupanga iliyozirudisha kesi hizo Mahakama Kuu, na wakili akaruhusiwa, na rufaa ikaruhusiwa.

Ni haki pia kusema kwamba Sokoine hakuwa mtu wa kukamata tu. Ni katika mwaka huo huo wa 1983, yeye akiwa Waziri Mkuu, ndipo mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa kubeba abiria Dar es Salaam kwa sababu shirika la UDA lilikuwa limeelemewa. Ndiyo haya tunayoyaita daladala. Alikuwa ameanza kuona kwamba mahali pengine dawa ya kibali ni kukiondoa kibali chenyewe. Hakupewa muda.

Juu ya ajali yake maneno mengi yamesemwa. Gari lililogongana na lake liliendeshwa na kijana mkimbizi kutoka Afrika Kusini, kutoka katika jamii ya wapigania uhuru wa ANC waliokuwa na makazi Mazimbu na Dakawa, na kijana huyo alishitakiwa na kufungwa. Siingii zaidi ya hapo. Jioni ile Mwalimu Nyerere alitangaza msiba mwenyewe kwa Redio Tanzania. Alikuwa na umri wa miaka 45. Alizikwa kwao Monduli, na siku kumi na mbili baada ya kifo chake Salim Ahmed Salim akachukua nafasi. Mwezi Julai mwaka huo, kilichokuwa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hapa Morogoro kikawa chuo kikuu kamili kwa jina lake.

Na msako? Ulififia. Magunia yakarudi uani. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomlilia Sokoine mwingine. Yale aliyoyafanya kwa mwaka mmoja na kidogo yalimtegemea yeye. Alipoondoka, hakuna karani wa RTC aliyebaki na utaratibu mpya wa kujaza daftari, hakuna mkaguzi wa ndani aliyebaki na nguvu mpya ya kumzuia meneja wake. Lilibaki jina.

Leo RTC hazipo na kibali cha khanga ni hadithi. Lakini ile saini yenye thamani kuliko mshahara bado tunayo, imebadilika umbo tu. Iko katika masurufu ya safari, ambayo katika halmashauri mtumishi anatakiwa kuyafanyia marejesho ndani ya wiki mbili baada ya kazi kuisha, na ambayo taarifa za ukaguzi karibu kila mwaka huyataja kuwa hayajarejeshwa. Iko katika malipo yasiyo na stakabadhi. Iko katika mafuta ambayo hayakuandikwa kwenye daftari la safari za gari. Na sasa iko katika kadi. Dereva wa gari la taasisi hupewa kadi ya mafuta, anaingia kituoni, kadi inachanjwa, mashine inatoa risiti, basi. Hakuna fedha taslimu iliyoonekana, hivyo hakuna anayehisi kwamba kuna kitu kimeibwa.

Huko kwa wakubwa wamelionja hili kabla yetu. Marekani imewapa watumishi wake wa serikali kadi za kununulia vitu vidogo vidogo kwa miaka mingi. Mwaka 2008 wakaguzi wa Bunge lao walichukua sampuli ya manunuzi ya kadi hizo, wakakuta kiasi cha asilimia 41 hayakuwa na idhini inayostahili, au vitu havikuthibitishwa kupokewa na mtu mwingine asiyekuwa mnunuzi. Uingereza nayo, Machi 2025, serikali ilitangaza kuzizuia nyingi kati ya kadi zake zipatazo 20,000, kila mwenye kuhitaji aombe upya na aeleze sababu. Kadi haikuwa mbaya. Inaacha alama ya kila shilingi, saa na mahali, jambo ambalo kibali cha RTC hakikuweza. Tatizo ni kwamba alama ile haisomwi na mtu.

Hebu tuchukue mfano. Tangi la gari lina uwezo wa lita 80 na risiti inaonyesha lita 110. Au gari limejazwa Msamvu saa nne asubuhi na likajazwa tena Msamvu saa sita mchana, wakati daftari linasema lilikuwa njiani kwenda Ifakara. Kugundua hilo hakuhitaji Waziri Mkuu wala baraza maalumu. Kunahitaji karani mmoja mwenye risiti mkono huu na daftari mkono ule, na mkubwa ambaye karani akimpelekea jambo hilo hatamhamisha.

Mfumo wa manunuzi wa NeST ulioanza mwaka 2023 unaweza kuonyesha zabuni kwa uwazi kuliko zamani, na hilo ni jema. Lakini zabuni kubwa ina macho mengi. Lita 30 za ziada hazina jicho, na zikijirudia kila wiki katika kila idara zinakuwa zahanati isiyo na dawa. Wajumbe wa kamati za fedha za halmashauri wanayo haki ya kuitisha daftari la gari lolote la halmashauri na risiti zake za mwezi uliopita. Madiwani wetu wa Morogoro nao wamo. Tuwaulize katika mkutano wa kata ujao, ni lini mara ya mwisho waliliitisha.