LESLIE BROWN, AFISA WA KILIMO ALIYEWAFUATA HEROE

Ni nani kati yetu asiyewajua heroe, wale ndege wa rangi ya waridi ambao hapa Nakuru wengi huwaita flamingo? Tumewaona ziwani na hata kwenye kalenda. Lakini je, umewahi kuliona yai la heroe mdogo ufuoni? Swali hili ndilo lililomkosesha raha Leslie Brown.

Brown alizaliwa India mwaka wa 1917. Alifanya kazi Nigeria, kisha akaja Kenya mwaka wa 1946 akiwa afisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni. Kazi yake ilikuwa mashamba. Ndege walikuwa uraibu tu. Akipata nafasi, alichukua darubini na kamera, akaenda zake. Huko Embu aliwafuatilia tai wa kilima kimoja mwaka baada ya mwaka. Kuwapiga picha ndege wa aina hii si mchezo. Yataka kujificha kibandani saa nyingi, kimya, bila kuwashtua.

Basi akageukia heroe. Maziwa ya Nakuru, Elmenteita na Bogoria yalijaa heroe wadogo kwa mamia ya maelfu, lakini wataalamu hawakujua walikozalia. Mwaka wa 1954 Brown aliruka kwa ndege juu ya Ziwa Natron, Tanganyika. Kumbe wako huko! Katikati ya matope ya magadi walikuwa wamefinyanga viota kama vichuguu vidogo, mahali ambapo fisi na mbweha hawafiki kwa urahisi.

Hakuridhika kuwaona kwa mbali, akaamua kuwaendea kwa miguu. Hapo ndipo alipoponea chupuchupu. Gamba la juu lilivunjika, akazama kwenye matope, jua likimchoma na magadi yakiingia ndani ya buti. Alilazimika kurudi nyuma bila kuvifikia viota. Miguu yake iliungua vibaya, akalazwa hospitalini, ikabidi abandikwe ngozi nyingine. Wengine wangekoma hapo, lakini yeye aliendelea. Kitabu chake kuhusu fumbo la heroe kilitoka mwaka wa 1959, na mwaka wa 1971 alichapisha utafiti kuhusu uzazi wa heroe wadogo pamoja na mpiga filamu Alan Root. Alifariki mwaka wa 1980.

Je, maisha yake yanatufunza nini sisi wa Nakuru? Ziwa letu lilifanywa mbuga ya taifa mwaka wa 1968, nasi twajivunia. Lakini heroe wetu hawazaliwi hapa. Natron ikiharibiwa, hata tukilinda Nakuru usiku na mchana, ziwa litabaki bila wageni wake. Tena miaka ya karibuni maji yamepanda hapa, chumvi ikapungua, na mimea midogo wanayoila ikapungua pia. Wengi wamehamia maziwa mengine. Ndege hawajui mipaka ya mbuga wala ya nchi.

Enyi wenzangu wenye kamera, au hata daftari na kalamu tu, anzeni na ndege wa uani. Andika tarehe, mahali na idadi. Brown naye alianza kwa kutazama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.