Naftali Temu: Mkimbiaji Aliyefungua Njia

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii aghalabu hutajwa panapohimizwa umoja, lakini ina funzo jingine pia: vidole havilingani, na mkono hufaulu pale kila kidole kinapopewa kazi kinayoiweza. Maisha ya marehemu Naftali Temu yanalithibitisha funzo hilo.

Temu alizaliwa tarehe 20 Aprili 1945 katika sehemu za Sotik, zinazopakana na Nyamira. Alikuwa Mgusii, mwana wa nchi ya vilima na mabonde ambako safari fupi tu huwa ni ya kupanda na kushuka. Alipofikia utu uzima alijiunga na jeshi. Katika miaka ya 1960, jeshi, polisi na magereza ndio waajiri walioilea riadha ya Kenya. Mtumishi aliyeonyesha kipawa cha mbio alipewa muda wa mazoezi na nafasi ya kushindana. Huo ulikuwa uongozi wenye busara, kwani ulianza kwa kutazama kile ambacho mtumishi anakiweza, wala si kile kinachomshinda.

Hata hivyo, kipawa hakikomai kwa siku moja. Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 19, Temu alikimbia marathoni katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo na kumaliza nyuma sana ya washindi. Medali pekee ya Kenya mwaka huo ilikuwa shaba ya Wilson Kiprugut katika mita 800. Temu hakuachwa kwa sababu ya matokeo hayo. Alielekeza nguvu zake katika mbio za uwanjani, na mwaka 1966, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston, Jamaika, alishinda mbio za maili sita. Aliyempita alikuwa Ron Clarke wa Australia, bingwa wa rekodi za dunia, naye alimwacha kwa zaidi ya sekunde 20.

Jaribio kubwa lilikuja Mexico tarehe 13 Oktoba 1968, katika fainali ya mita 10,000. Macho ya wengi yalimwelekea Kipchoge Keino, aliyekuwa askari polisi na nyota wa timu. Lakini Keino alikuwa akiugua nyongo, na zikiwa zimesalia raundi chache maumivu yalimzidi akaanguka. Lau matumaini yote ya Kenya yangewekwa juu ya mtu mmoja, yangeanguka pamoja naye. Temu alikuwa bado mbioni. Katika raundi ya mwisho Mamo Wolde wa Ethiopia alitangulia. Temu akamfuata, akamfikia karibu na utepe, akashinda kwa muda wa dakika 29 na sekunde 27.4. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Kenya, miaka mitano tu baada ya uhuru.

Siku nne baadaye, Keino na Temu walikimbia bega kwa bega katika mita 5,000. Mohammed Gammoudi wa Tunisia alishinda, Keino akawa wa pili na Temu wa tatu. Amos Biwott alishinda mbio za kuruka viunzi na maji, Keino akatwaa dhahabu ya mita 1,500, na timu ya kupokezana vijiti ikapata fedha. Kenya, iliyotoka Tokyo na medali moja, ilirejea kutoka Mexico na medali tisa, tatu kati yake za dhahabu.

Katika timu hiyo ya vijiti walikuwamo Charles Asati na Munyoro Nyamau, wana wa Kisii. Mwaka 1972 mjini Munich, wawili hao pamoja na Robert Ouko, Mgusii mwenzao, na Julius Sang walitwaa dhahabu ya mita 400 mara nne. Temu hakupata tena medali ya Olimpiki baada ya Mexico, lakini mlango aliokuwa wa kwanza kuufungua haukufungwa tena.

Temu alifariki dunia jijini Nairobi tarehe 10 Machi 2003, akiwa na umri wa miaka 57. Wosia wa maisha yake hauwahusu wanariadha peke yao. Mwalimu mkuu, meneja wa kiwanda cha majani chai na mwenyekiti wa chama cha ushirika wote wana watu wenye vipawa mbalimbali chini yao. Kiongozi bora huvitambua vipawa hivyo mapema, huvumilia vinapokawia kukomaa, na huhakikisha kuwa nyota mmoja akianguka, mwingine yu tayari kuendelea na safari.