Borelli: Gwiji aliyepima nguvu za misuli akafa kabla ya kuona kitabu chake

MWANAHISABATI Giovanni Alfonso Borelli alifariki mjini Roma, Italia, Desemba 31, 1679, akiwa fukara. Kitabu alichokitolea jasho kwa miaka mingi, kuhusu mwendo wa wanyama, kilikuwa bado hakijachapishwa.

Borelli alizaliwa Naples mwaka 1608, babake akiwa askari wa Uhispania. Alisomea Roma chini ya Benedetto Castelli, aliyekuwa mwanafunzi wa Galileo, kisha akafundisha hisabati Messina na Pisa.

Akiwa Pisa alishirikiana na tabibu Marcello Malpighi kuchunguza viumbe. Borelli alishikilia kwamba mwili hutii kanuni zile zile zinazotawala mashine: mifupa ni nyenzo, viungo ni egemeo, nayo misuli ndiyo inayovuta.

Kabla yake, wengi waliamini kuwa msuli hutumia nguvu kidogo kuinua mzigo mkubwa. Hesabu zake zilionyesha kinyume. Msuli wa mkono umeshikana na mfupa karibu sana na kiwiko, ilhali mzigo uko mbali, kiganjani. Kwa hivyo, msuli hulazimika kuvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa mzigo mara nyingi. Faida ni kwamba msuli ukijikunja kidogo tu, kiganja husafiri mbali na kwa kasi.

Kwa mizani hiyo hiyo aliwapima ndege. Alibaini kuwa misuli ya kifua chao ni mikubwa mno ikilinganishwa na uzito wa mwili, na kwamba binadamu hana misuli ya kumwezesha kuruka kwa kupiga mabawa.

Hata hivyo, siasa hazikumwacha salama. Katika miaka ya 1670, Messina ilipoasi utawala wa Uhispania, Borelli alishukiwa kuwaunga mkono waasi, akatorokea Roma. Huko mtumishi wake alimwibia mali yake. Mzee huyo alipata hifadhi katika nyumba ya watawa ya San Pantaleo, akawa anawafundisha vijana hisabati.

Christina, aliyekuwa ameacha kiti cha umalkia wa Uswidi na kuhamia Roma, ndiye aliyegharamia uchapishaji. Juzuu la kwanza la De Motu Animalium lilitoka 1680 na la pili 1681, mwandishi akiwa kaburini.

Leo Borelli hutambuliwa kama baba wa biomekanika. Wataalamu wanaounda miguu bandia au kuchunguza mbio za wanariadha wangali wanaanzia kwenye hesabu za nyenzo alizoziacha mkimbizi huyo.